Kabla hujachanga hela ya droni ya kupeleka dawa mlimani

Homa ya Marburg ilipotangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, Januari 2025, hazikupita siku nyingi simu yangu ikaita. Kijana wa Machame, huku mlimani Kilimanjaro, sauti imechangamka: "Kaka, tuchange tununue droni ya kubeba dawa. Gonjwa likifika huku litukute tumejipanga." Nikamwambia ashuke Moshi mjini tunywe chai, maana jibu langu ni refu na lina aibu ndani yake.

Mwaka 2020 nilikuwa napiga picha za angani za hoteli na mashamba. Machi 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, tena hapo Arusha, msafiri aliyeshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Baada ya wiki chache watalii wakakatika, droni ikalala kabatini. Ndipo sisi watatu tukapata wazo: wazee wa Uru na Kibosho, vijiji vya mlimani juu ya Moshi, wenye presha na kisukari wasishuke mjini kupanga foleni, dawa ziwafuate huko huko.

Tukaomba uwanja wa shule, tukaning'iniza nusu kilo ya sukari kwa kamba. Dawa za mtu hatukuthubutu. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hili hakuna aliyetuambia: droni kama yangu hupima kimo chake kuanzia pale iliporukia, haijui ardhi iliyo chini yake imepanda au imeshuka. Niliiweka mita 60. Ukiwa kwenye tambarare za miwa kule kiwanda cha sukari cha TPC, mita 60 unapita juu ya kila kitu. Lakini sisi tulikuwa tunaelekea juu, upande wa msitu, na huko kila unavyosogea mlima nao unapanda. Kama kilomita moja mbele, mita zangu zote 60 zilikuwa zimeliwa. Nikaona majani yamejaa kwenye kioo, kisha giza. Ilinasa kwenye mparachichi wa mzee mmoja, sukari yote ikamwagikia mibuni. Watoto walicheka hadi wakakaa chini: tumeanza kutia sukari kahawa ingali shambani.

Kwa hiyo ukirusha mlimani, hesabu kimo kwa ardhi ya kule unakokwenda, si ya miguuni pako, na bado usivuke mita 120 kutoka ardhini. Betri nayo usiiamini kwa maneno ya kwenye boksi. Hewa ya juu ni nyepesi, mapanga yanazunguka kwa nguvu zaidi kubeba uzito ule ule. Yangu iliyokuwa inakaa dakika 20 na ushee bila mzigo, siku ya sukari haikufika 10.

Vibali: TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi. Tulidhani cha kupiga picha kinatosha. Tukaambiwa kubeba na kudondosha mzigo kuna ruhusa yake. Halafu tazama ramani: KIA iko katikati ya Moshi na Arusha, na kila mji una uwanja wake mdogo wa ndege. Juu ya vijiji kuna hifadhi, ambako droni hairuki bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Na mwone mtendaji wa kijiji mapema, kabla watu hawajasema mnawapeleleza.

Lakini swali nililomuuliza yule kijana ni hili: barabara imekatika wapi? Mwaka 2018 droni ya majaribio ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, wakati njia ya ardhini ni kama kilomita 240 na saa sita. Pale kuna ziwa katikati, hesabu inakubali. Rwanda tangu 2016 wanarusha damu kutoka Muhanga kwenda hospitali za milimani, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri gari. Moshi hadi Kibosho? Bodaboda ananing'iniza mfuko, anapanda, na akifika anabisha hodi.

Hodi hiyo si jambo dogo. Vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ni migomba, kahawa na miti mirefu, mzigo utadondokea wapi? Bibi mmoja wa Uru alituangalia tukihangaika na ngazi kwenye mparachichi, akasema, "Wanangu, hicho kidude kikija peke yake, presha yangu atanipima nani?" Hatukuwa na jibu.

Na ukumbuke safari ya kurudi. Ghana walitumia droni kupeleka sampuli za korona maabara za Accra na Kumasi mwaka 2020, lakini ndege zile hudondosha kwa parachuti, hazitui zahanati kuchukua kitu. Sampuli ilibidi kwanza zifike kituoni kwao kwa njia nyingine.

Kuhusu roboti za hospitali, maana nazo hutajwa pamoja na droni, sina mengi ya kusema. Kigali walipewa tano Mei 2020, moja ikaitwa Akazuba, za kupima joto na kupunguza wahudumu kuingia kwa wagonjwa. Hilo lina maana ndani ya wodi ya kutengwa, yenye umeme wa uhakika na sakafu isiyo na ngazi. Kwa zahanati ya kijijini ningeanza na maji tiririka.

Kijana alimaliza kikombe cha pili. Akauliza kasha la baridi la kufunga kwenye pikipiki, lile la kushika nyuzi 2 hadi 8, linauzwaje.