Je, saa ya mkononi huhesabu kalori kwa usahihi?

SWALI: Mhariri, nina uzito wa kilo 80 na kila jioni hutembea kwa haraka kwa dakika 45. Saa yangu huonyesha kuwa nimetumia kalori 410. Je, niiamini? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu hiyo imezidi mno. Mwili uliotulia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, na mwendo wa haraka katika njia tambarare huongeza matumizi hayo hadi mara nne hivi. Kwa hiyo 4 × 80 × 0.75 hutoa kalori 240. Kati ya hizo, 60 ungezitumia hata kama ungebaki umeketi barazani, hivyo zoezi lenyewe limekugharimu kalori 180 tu. Saa hukisia kwa kutumia mapigo ya moyo, ambayo hupanda pia kwa joto, kahawa au wasiwasi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya aina hiyo, na hata kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Itumie kulinganisha siku na siku, si kujipimia chapati za ziada.