Umuhimu Hauchemki

SWALI: Mwalimu, mimi ni katibu wa chama cha akina mama wauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Kwenye kumbukumbu za mkutano niliandika, "Mwenyekiti alipigia mstari umuhimu wa kulipa mchango kwa wakati." Mweka hazina anasema mstari hupigwa kwenye karatasi tu, eti niandike "alisisitiza umuhimu". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mweka hazina kapata nusu, dada katibu. Kupigia mstari ni kazi ya kalamu na rula, kama pale mtihani unapomtaka mtoto aeleze maana ya neno lililopigiwa mstari. Usemi wako ni kivuli cha "underline", kitenzi ambacho Waingereza walikitoa karatasini wakakitia mdomoni. Sitagombana nawe kwa hilo. Siku hizi kila anayeshika kipaza sauti anapiga mistari, na wasikilizaji wanamwelewa. Kinachonikera ni lile neno mlilokubaliana nyote wawili bila hata kulitazama: umuhimu.

Chukueni sentensi hii, ambayo haikosi msimu wa kipindupindu: "Afisa wa afya alisisitiza umuhimu wa kuchemsha maji." Nani achemshe? Sentensi haisemi. Kilichosisitizwa ni umuhimu, na umuhimu hauingii sufuriani. Sasa andika: "Afisa wa afya aliwahimiza wakazi wachemshe maji ya kunywa." Wakazi wamerudi, na kitenzi "wachemshe" kina ile -e ya mwisho inayodai jambo litendeke. Umuhimu umeondoka na hakuna aliyeulilia. Ukitaka kuongeza "yatokote dakika 1 nzima", sentensi inabeba bila kuyumba. Iongezee ile ya kwanza uone: "alisisitiza umuhimu wa kuchemsha maji kwa dakika 1." Je, alichosisitiza ni kuchemsha, au ni dakika? Kisha anakuja mwenye kupenda madoido anaandika "alitilia mkazo umuhimu mkubwa wa suala zima la uchemshaji wa maji." Maneno 11, na maji bado mabichi.

Nalo "sisitiza" lenyewe limechoshwa. Lina kazi mbili: kutilia nguvu jambo lililokwisha kutajwa, na kushikilia kauli mbele ya anayeipinga. Mshukiwa anayesisitiza kwamba hakuwepo yuko katika kazi ya pili, ingawa hapo mimi ningeandika "alishikilia" ili pasiwe na utata. Lakini waandishi wa habari wamelifanya kibadala cha "alisema", basi mgeni rasmi hata hajamaliza salamu, tayari anasisitiza. Mkazo umetokana na kukaza, nawe huwezi kukaza fundo ambalo hujalifunga. (Hata "stress" ya Kiingereza asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kilichokazwa, kamba ni ileile.) Na tafadhali, tuachane na "alisisitiza juu ya" na "alisisitiza kuhusu". Kitenzi hiki hubeba yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, chenyewe: alisisitiza usafi, basi.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili hakina njaa ya namna za kukazia. Mtu hukataa katakata, shati huwa jeupe pe, gunia hujaa pomoni. Ukisema "yeye ndiye aliyelipa", mkazo umo ndani ya "ndiye". Ukitanguliza yambwa, "Maji haya msiyanywe", kila mtu ameshtuka bila kusisitiziwa lolote. Sauti nayo ina kazi yake: kwa kawaida mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika barabara ya kwenda Kondele, usogeze nyuma silabi moja, barábara, nawe umesema "sawasawa kabisa".

Kwa hiyo kwenye kumbukumbu zako futa vyote viwili, mstari na umuhimu, uandike walichoambiwa wanachama: "Mwenyekiti aliwataka wanachama walipe mchango kabla ya tarehe 5." Kama alilirudia jambo hilo, andika "akalirudia mara mbili". Kama alilisema mara moja tu, "alisema" yatosha. Neno hilo halijapigwa marufuku. Na akigonga meza, andika kwamba aligonga meza.