Siku moja Tanga: kwanza ulizia maji yanajaa saa ngapi

Mwezi huu maswali mengi yamefanana, watu wana siku moja tu ya kukaa Tanga na kila mmoja anataka aone kila kitu. Kwa hiyo safu yote nimeiacha kwa Tanga, na swali la kwanza nalijibu kwa kirefu kwa sababu majibu ya wengine mengi yamo humo humo.

SWALI: Habari za kazi anti. Mi niko Korogwe, mwezi ujao tuna harusi Muheza Jumamosi, sasa nimefikiria Jumapili asubuhi tuingie Tanga tushinde huko jioni turudi. Nitakuwa na mama yangu mzazi, magoti yanamsumbua, na wanangu wawili, wa miaka 6 na wa miaka 10. Rafiki yangu kaniandikia orodha: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, kisiwa cha Toten, kuogelea Raskazone, afu tumalizie Pangani. Eti vyote siku moja vinawezekana? Hela yenyewe si nyingi. (Mama Wawili, Korogwe)

JIBU: Salama kabisa dada, hongereni na harusi. Haiwezekani, na ukijaribu utamchosha mama na watoto watalala kwenye gari hawajaona kitu. Angalia hivi, Amboni iko kaskazini, kama kilomita 8 kutoka mjini ukishika barabara ya kwenda Horohoro. Tongoni iko kusini, barabara ya Pangani, karibu kilomita 20. Pangani yenyewe ni mbele zaidi huko huko kusini, kama kilomita 50 kutoka Tanga mjini. Yaani rafiki yako anataka muende kaskazini mrudi, muende kusini mrudi, na katikati hapo mpande boti. Pangani itoe kabisa, ule mji una mto wake na majumba yake ya zamani na unataka siku yake peke yake. Tongoni nayo iache, nitaisema chini kwa mwalimu mmoja aliyeuliza. Kaa na upande mmoja wa mji: Amboni, mjini, Raskazone. Siku inajaa vizuri tu.

Sasa kabla hujapanga saa, ulizia maji. Watu wa bara, jambo hili hawalifikirii kabisa na ndo linaloharibu safari nyingi za siku moja, mtu anafika Raskazone na watoto wameshavaa nguo za kuogelea anakuta bahari imekimbia, pale chini ni tope na mawe na mwani, kaa wanakimbia kwenye mashimo, basi watoto wanabaki wamesimama kwenye ngazi wanaangalia. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, siku hizo pwani yetu maji yanapwa mno kwenye saa nne asubuhi hivi, afu yanajaa sana kwenye saa kumi alasiri. Ukihesabu wiki moja mbele, mwezi ni nusu, hayo ndo maji mafu, mambo yanageuka: saa nne asubuhi yamejaa, saa kumi jioni yako chini ingawa hayapwi kama ya bamvua. Mwenye kufuata mwezi wa Kiislamu ana jibu tayari, tarehe 1 na 15 ni bamvua, tarehe 8 na 22 huko ni maji mafu. Ukishindwa tafuta kwenye intaneti saa za maji kujaa Tanga kwa tarehe yako, inakuja mara moja.

Kwa hiyo ukiangukia bamvua, asubuhi nenda Amboni, mchana mjini, alasiri Raskazone maji yakiwa yamejaa ngazini. Ukiangukia maji mafu geuza, bahari asubuhi watoto wakiwa na nguvu, halafu mjini mle, Amboni mchana, ila msichelewe sana maana mapangoni mnaingia na muongozaji na jioni wanafunga.

Amboni usiikose kwa sababu ya mtoto wa miaka 10, umri huo ndo wenyewe. Ni mapango ya mawe ya chokaa na mto Mkulumuzi uko jirani hapo. Ukiingia hatua chache tu mwanga wa nje unakwisha, hewa inakuwa nzito kidogo na harufu ya kinyesi cha popo, muongozaji anamulika tochi ukutani taratibu anawaambia angalieni, huyu mamba, huyu tembo, ile meli, na kweli ukitulia unaona. Kuna hadithi nyingi wanazisimulia, mojawapo ni ya Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi waliokuwa wakisakwa na wakoloni miaka ya 1950 wakajificha humo. Kuna sehemu ya mizimu pia, watu wanakuja kuomba na wanaacha vitu vyao pale, waambie watoto mapema kwamba hapo haguswi kitu wala hachekwi mtu. Vaeni viatu vya kufunga, ndala zinateleza, na tochi ya simu iwe na chaji.

Mama yako lakini asiingie. Nasema hivi kwa sababu kuna mahali pa kuinama, pa kupita kwa ubavu, na pa kupanda mawe yenye unyevu, na mtu wa magoti akishaingia nusu hawezi kusema nirudisheni. Abaki nje kivulini na mtu mzima mmoja, au kama mna ndugu mjini mumpitishe huko kwanza akapumzike. Kwenye safari za familia huwa tunamkokota mzazi kila mahali tukidhani ndo tunamheshimu, mi naona heshima ni kumuuliza yeye anataka nini na kumpangia saa mbili nzuri za kwake. Za kwake zipo mjini. Makumbusho ya Urithi yako kwenye lile boma la Wajerumani, yana picha nyingi za Tanga ya zamani, sasa kwa kuwa ni Jumapili mtumie mtu aulizie kwanza kama wamefungua. Karibu na hapo kuna mnara wa saa, na bandari unaiona chini. Na kwa mtu wa Korogwe kuna la kuwaambia watoto: reli ile inayopita kwenu ilianzia hapa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896 na Korogwe 1902, iliendelea mpaka Moshi, na kilichoilisha miaka mingi ni mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka huo huo wa 1893, leo mkitoka Muheza mtaupita umepangwa mistari mpaka macho yanachoka.

Chakula nendeni Ngamiani, kwenye barabara za namba, sio mahotelini. Mkiwahi asubuhi mtakuta mbaazi za nazi na maandazi, vitumbua vya moto, chai ya rangi yenye viungo. Mchana wali wa nazi na samaki. Angalia pale penye wateja wengi wenyeji ukae hapo. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani ujue mchana sehemu nyingi hazipiki, bebeni chakula cha watoto.

Raskazone sasa. Kuna klabu za kuogelea unalipa kiingilio kidogo mnapata pa kubadilishia nguo, kivuli, viti, na mama anakaa anaangalia bahari bila kushuka popote. Huyo wa miaka 6 asiachiwe peke yake ngazini hata dakika moja, maji ya bamvua yakijaa hapo ni marefu. Yule mkubwa mwambie kwamba Novemba 1914 Waingereza walishusha wanajeshi kama 8,000 upande huu huu, wengi wakiwa wametolewa India, wakapigwa na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao Waafrika chini ya von Lettow-Vorbeck, na nyuki nao walivurugwa na risasi wakawaingilia watu, mwishowe Waingereza wakarudi melini wakaacha silaha zao nyingi tu. Atasimulia shule nzima.

Usafiri, kwa kuwa mko wanne na hela ni ya kuhesabu, msikodi gari. Patana na bajaji mmoja wa siku nzima au nusu siku, mtajie sehemu zote kabla hamjapanda na mkubaliane kusubiri kumo ndani ya bei. Bodaboda kwa mama na watoto hapana.

SWALI: Mambo vipi. Niko Dar, Mbezi. Nataka Jumamosi nitoke na basi la alfajiri niende Tanga nirudi usiku huo huo. Inalipa? (Msela wa Mbezi)

JIBU: Hailipi kaka. Ni kama kilomita 350 na njia inapita Chalinze, Segera, Muheza, basi linachukua saa sita hivi, likipata foleni ni zaidi. Utafika mchana jua kali, na basi linakushusha stendi ya Kange ambayo iko nje ya katikati ya mji, upande daladala au bajaji tena, unakula unapiga picha mbili unarudi stendi. Ondoka Ijumaa mchana ulale, Jumamosi nzima ni yako, Jumapili asubuhi urudi. Chumba cha kawaida cha gesti utakipata, na jioni ya Tanga yenyewe, upepo ukianza, kwa kweli nisingependa uikose.

SWALI: Shikamoo. Ni mwalimu wa Kiswahili, nataka kuleta wanafunzi wa kidato cha tatu. Tuna siku moja na basi la shule. Tutembelee nini chenye faida kwa somo? (Mwalimu, Same)

JIBU: Marahaba mwalimu. Ninyi ndo mnaofaa kushika kusini, kwa sababu mna basi lenu. Barabara ya Pangani mtaanzia Machui, alikozaliwa Shaaban Robert 1909 kitongoji cha Vibambani, na huko ndiko alikozikwa 1962. Msifike kwa kushtukiza na basi la wanafunzi, pitieni ofisi ya serikali ya mtaa mjitambulishe, wazee wa pale wakijua mnakuja kwa sababu ya mtu wao mtapokelewa. Hapo wanafunzi wavae nguo za heshima na wazime miziki.

Mkitoka hapo endeleeni mpaka Tongoni. Kuna gofu la msikiti mkubwa na makaburi karibu 40, mengine yalikuwa na nguzo ndefu zilizosimama juu yake, na nyingi zimeshaanguka. Simameni karibu na kuta muangalie: ni matumbawe, ukikaribia unaona vishimo na mistari ya kile kiumbe cha baharini, na kwenye baadhi ya makaburi kuna viduara vya mviringo ambavyo zamani vilipachikwa bakuli za kutoka ng'ambo. Mji huo uliitwa Mtang'ata. Vasco da Gama alipita bahari hii 1498, meli yake moja ya São Rafael ikakwama kwenye mafungu ya hapo, na wakati wa kurudi 1499 waliichoma hapo hapo kwa sababu mabaharia wengi walishakufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Mpeni mtunzaji muda aeleze, msikimbize. Mi, mwalimu wangu, ningewaachia wanafunzi saa nzima pale kila mmoja achore kaburi moja kwenye daftari lake, kuliko kuwapitisha Amboni na Raskazone siku hiyo hiyo.

SWALI: Nimeona picha za fungu la mchanga katikati ya bahari Tanga, na kisiwa cha Toten. Tuko marafiki sita, tunafikaje? (Binti wa Moshi)

JIBU: Mwanangu, fungu linaonekana maji yakipwa tu, kwa hiyo rudi juu usome habari ya bamvua, mnataka asubuhi ya siku hizo. Toten iko humo humo ghubani, karibu, ina magofu ya misikiti na makaburi, imefunikwa na miti, vaeni suruali na viatu. Boti mkodi nzima sita mlipie pamoja, bei ya kwenda na kurudi isemwe kabla, nusu mlipe mwanzo na nusu mkishuka salama. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, kama halipo au hayatoshi msipande, tafuteni boti nyingine hata kama ni ghali zaidi. Nahodha akisema tuondoke fungu linafunikwa, mnaondoka, msiombe dakika tano za picha. Miezi ya kusi, huko Mei mpaka Agosti, upepo unakuwa mkali mchana na bahari inachafuka, wahini. Masika nayo, Machi mpaka Mei, mvua inaweza kuwashinda kabisa.

SWALI: Nguo gani nivae Tanga? Na picha napiga popote? (Mgeni, Dodoma)

JIBU: Mji una Waislamu wengi na watu wake ni wapole, hakuna atakayekufokea, lakini ukipita Ngamiani vaa nguo ya kukusitiri, za kuogelea zibaki klabu, ukitoka jifunge kanga. Ukipiga mtu picha muombe kwanza, salamu ndefu inatangulia. Bandarini usielekeze kamera. Machungwa ya Muheza ukirudi nunua njiani, msimu wake mkubwa ni Juni mpaka Agosti, na uyanunue kwa yule mwenye kuyamenya akuonjeshe kwanza.