Mteja Amesahau Nenosiri: Usikimbilie Flashi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi kompyuta hapa Dodoma, kesi za nenosiri la msimamizi (akaunti yenye mamlaka yote kwenye kompyuta) lililosahaulika zitawajia tu, hasa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakirudi kutoka likizo. Fundi mwenye pupa huchomeka flashi akapiga Windows upya. Kazi imeisha, na rasimu ya utafiti ya mtu imekwenda nayo.

Uliza kwanza mashine ni ya nani. Ikiwa na stika ya namba ya mali ya ofisi, hata kama mwenye kuileta amevaa kitambulisho cha ofisi za serikali kule Mtumba, mwelekeze kwa watu wao wa TEHAMA. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa, na elfu kumi ya mteja haitakulipia wakili.

Halafu angalia Caps Lock na Num Lock. Msicheke.

Sasa aina ya akaunti. Ikiwa ni akaunti ya Microsoft, nenosiri linabadilishwa kwenye tovuti yao kwa simu ya mteja, kisha laptopu iunganishwe na intaneti. Ikiwa ni ya ndani ya mashine tu, kosea nenosiri makusudi: kama maswali ya usalama yaliwekwa, Windows 10 na 11 zitakupa nafasi ya kuyajibu. Au tafuta akaunti nyingine ya msimamizi humo humo. Ila ukilazimisha nenosiri jipya kwa njia hiyo, mafaili aliyoyafungia ndani ya Windows kwa EFS (njia ya Windows ya kufunga faili moja moja kwa siri) huenda yasifunguke tena. Mwambie kabla.

Balaa lenyewe ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima kwa siri. Laptopu nyingi mpya hufunga diski zenyewe, mwenyewe hana habari. Unawasha kwa flashi ukidhani umeshinda, kumbe diski haisomeki. Inataka ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza, na hapo ndipo penye kazi: huenda ni barua pepe ya kaka aliyeinunua Kariakoo akaisajili kwa jina lake. Mpigieni huyo kaka. Ufunguo usipopatikana, hakuna ujanja wa fundi wa kuokoa data, kwa hiyo usipokee hela ya kuziokoa.

Ukifanikiwa, mfungulie mteja akaunti ya pili ya msimamizi. Nenosiri aliandike mwenyewe kwenye daftari lake, wewe ukigeuza macho pembeni.