Nyama ya homoni: Ulaya banakataza, Marekani banaruhusu, mimi nifuate nani?

Mama mumoja anauzisha nyama ya frigo mu Katuba, Lubumbashi, ananiuliza: "Dokta, ndugu yangu alitoka Ubelgiji akaniambia ngombe ya homoni (dawa ya kuikomalisha mbio) kule imekatazwa, mwingine anasema Marekani banaikula kila siku. Nani anasema kweli? Nyama yangu inatoka Afrika Kusini, mara ingine Namibia."

Mama, bote babili banasema kweli. Marekani banatia vidonge vidogo chini ya ngozi ya sikio ya ngombe, dawa inatoka polepole miezi mingi, ngombe inaongeza nyama na chakula kidogo, siku ya kuchinja sikio banaitupa. Ulaya ilikataza, na tangu 1989 hata nyama ya inje yenye homoni haiingie. Marekani na Kanada balienda kushitaki ku WTO (shirika la biashara ya dunia) na 1998 balishinda, juu Ulaya haikuwa na utafiti wa kutosha wa kuonyesha hatari, lakini Ulaya haikuacha, ikakubali bidhaa zake zipigwe ushuru, halafu 2003 ikafunga estradioli, moja ya zile homoni, kabisa, inasema inaleta kansa. Codex, kamati ya dunia yenye kuweka sheria za chakula, nayo ilikubali homoni 1995, kwa kura 33 za ndiyo na 29 za hapana, ona vile dunia iligawanyika! Kwa trenboloni, homoni ya kutengenezwa na batu, ikaweka kipimo: mikrogramu 2 mu kilo ya nyama.

Mimi, kitu chenye kinanitia woga si kipimo, ni mutu mwenye hakifuate, anadunga ku shingo, si ku sikio, na shingo hakuna mwenye anaitupa.

Sasa nyama yako. Afrika Kusini inaruhusu, Namibia hapana, juu inauzisha Ulaya. Kwa macho hautajua, rangi ao mafuta haitakuambia kitu, hata laboratwari inapata shida na estradioli sababu kila ngombe iko nayo mu mwili, trenboloni njo inaonekana vizuri. (Kuku, mama, tuache ile masemi: hata Marekani homoni ya kuku imekatazwa, zinakomaa mbio sababu ya mbegu na chakula.)

Kwa hiyo soma ku karto inchi yenye ngombe ilichinjwa, na mwenye kuvusha mali ku mupaka wa Kasumbalesa umuombe setifika ya veterineri ya kule ilitoka. Akikatala kukuonyesha, usimulipe mbele.