Mjukuu anasema babu anaweza kudukuliwa

SWALI: Shikamoo, fundi. Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Alipasuliwa India, akawekewa waya kwenye ubongo zinazoshuka chini ya ngozi mpaka kwenye betri kifuani. Mikono imetulia, kikombe cha chai anashika mwenyewe. Sasa mwanangu kamwambia wadukuzi wanaweza kukiingilia kifaa hicho. Tangu hapo mzee hataki mgeni mwenye simu akae karibu naye. Ni kweli au porojo?
Mama Salma, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Salma. Mwanao hajazua. Mwaka 2016 Laurie Pycroft na wenzake wa Oxford waliandika kwamba mtu akiyateka mawasiliano ya kifaa cha namna hiyo anaweza kukizima, kuimaliza betri, hata kubadili umeme unaokwenda kwenye ubongo. Miaka miwili baadaye watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichambua kifaa kimoja kilichoko sokoni, wakakuta mawasiliano yake hayana kinga ya maana. Watengenezaji walistahili aibu hiyo.

Ila hayo ni ya watafiti. Sijasikia tukio lolote lililothibitishwa la mgonjwa kudukuliwa ubongo. Vifaa vingi vya zamani havisikii mpaka kidude cha mawasiliano kiwekwe kifuani, juu ya betri. Vipya vinatumia Bluetooth, lakini simu ya mgeni haiwi rimoti kwa kukaa tu sebuleni.

Simu ina kosa jingine: sumaku. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilishauri simu zenye sumaku kali zikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye vifaa vilivyopandikizwa mwilini. Kwa hiyo mzee asiweke simu mfuko wa shati upande wa betri. Wageni wake waache wakae, wapige soga.

Mimi naogopa zaidi rimoti yake mwenyewe, ile ya kuwashia na kuzimia kifaa. Nimeziona zikichanganywa na za dekoda, watoto wanabonyeza tu. Itafutie mahali pake. Siku mtetemeko ukirudi ghafla, tazameni kwanza kama kifaa kimezimwa. Vya zamani huweza kuzimwa hata na milango ya kunasa wezi madukani. Kikiwa kinawaka na bado anatetemeka, wapigieni madaktari wake siku hiyo hiyo.

Ile kadi ya kifaa aliyopewa hospitali atembee nayo. Kipimo cha MRI, kile cha mashine ya sumaku kali, asifanyiwe kabla kadi hiyo haijasomwa.