Umehamia Ifakara? Anza ofisi ya mtaa, na uulize maji huwa yanafika wapi

Anayeingia Ifakara mwezi wa nane anakuta mji mkavu: vumbi, baiskeli nyingi, magunia ya mpunga yamepangwa nje ya mashine za kukoboa. Dalali anamwonyesha kiwanja tambarare, karibu na barabara, bei inayoshangaza. Mwezi wa nne ndipo anapojua kwa nini bei ilikuwa ile.

Mji huu una maji ya aina mbili, na kila aina ina tabia zake. Kusini upo Mto Kilombero wenyewe, mpana, unaopanda taratibu wiki hadi wiki masika yanapokolea. Halafu upo Lumemo, unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa na kupita mjini. Huu wa pili ndio unaowashtua wageni, maana unaweza kujaa usiku mmoja kwa mvua iliyonyesha mlimani hata kama mjini hakujadondoka tone. Ukimuuliza mtu "hapa panafurika?" atakujibu hapana, naye anafikiria Kilombero. Uliza mito yote miwili, kila mmoja kwa jina lake.

Usiridhike na jibu la kata nzima pia. Katika kata moja kuna mtaa usioguswa na mtaa wa pili ambao watu hupandisha magodoro juu ya dari. Fika mwenyewe uangalie kuta za nyumba kuukuu za jirani. Maji yakikaa siku kadhaa huacha mstari wa tope wa rangi ya kahawia, na chini ya mstari huo plasta huwa imebanduka au imevimba. Pima kutoka ardhini hadi kwenye mstari. Ukifika magotini, msingi wako lazima upite hapo. Ukifika kiunoni, tafuta kiwanja kingine na dalali mwambie asante. Kuta zikiwa zimepakwa rangi mpya mtaa mzima, nenda nyuma ya nyumba, kwenye choo na banda la kuku, huko hakuna anayepaka rangi.

Nani ni nani

Ifakara inaongozwa na Halmashauri ya Mji. Hakuna meya hapa. Meya yuko kwenye manispaa na majiji. Kuna mwenyekiti wa halmashauri, ambaye ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, na kuna Mkurugenzi wa Mji, mtumishi anayeendesha shughuli za kila siku. Mkuu wa Wilaya ya Kilombero ni mteule wa Rais, anasimamia ulinzi na usalama, wala si yeye anayetoa leseni yako ya duka.

Jambo linalowazungusha watu sana ni mipaka. Wilaya ya Kilombero ina halmashauri mbili: Ifakara Mji na Mlimba. Kidatu na Mang'ula, ingawa ni safari kutoka mjini, ziko chini ya Ifakara Mji. Ukivuka Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018, umeshaingia Ulanga. Kwa hiyo mtu anaweza kulala Ifakara, akalima Mlimba na kuvuna ng'ambo ya daraja, na kila kipande kina ofisi yake ya ardhi na ushuru wake. Kabla hujapanda bodaboda kwenda kulalamika, hakikisha kwanza shamba lako liko halmashauri ipi.

Ngazi unayoihitaji wiki ya kwanza ni ya chini kabisa, yaani mtaa. Pale kuna watu wawili wanaochanganywa kila siku. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi kwa miaka mitano. Waliopo sasa walipatikana kwenye uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye mwenye daftari la wakazi na makaratasi. Mwenyekiti anakujua, mtendaji anakuandika. Unawahitaji wote. Balozi wa nyumba kumi, ambaye bado wenyeji watakuelekeza kwake, ni kiongozi wa chama na si wa serikali. Msalimie, ni mtu wa busara na anajua habari za kila nyumba, lakini saini yake haitakufungulia akaunti benki.

Maeneo ya pembezoni bado ni vijiji na vitongoji, hayajawa mitaa. Huko ardhi inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, na kuuziana kienyeji chini ya mwembe bila halmashauri ya kijiji kujua ni kujitafutia kesi.

Barua ya utambulisho

Hii ndiyo funguo ya mambo mengi: akaunti ya benki, kuunganishiwa maji, dhamana polisi, shule ya mtoto. Nenda na namba ya NIDA au kitambulisho kingine, picha ndogo mbili, barua ya kukutambulisha kutoka mtaa ulikotoka kama unayo, na jina la mwenye nyumba wako. Bora zaidi uende na mwenye nyumba mwenyewe, kwa sababu mtendaji hawezi kumtambulisha mtu asiyemjua hata mtu mmoja mtaani. Shika pia namba ya nyumba. Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 nyumba nyingi zina kibao chenye namba na jina la barabara, na fomu nyingi sasa zinauliza hivyo.

Ukikosa mtu asubuhi, usihitimishe kwamba ofisi imekufa. Mwenyekiti ana shughuli zake, mara nyingi ni mkulima kama wengine, na msimu wa kupanda mpunga yuko shambani. Chukua namba yake ya simu ukutani na mpange muda.

Kuhusu hela: serikali imesema zaidi ya mara moja kwamba barua hii hailipiwi. Ukiambiwa utoe "ya karatasi", omba risiti kwa upole. Fedha halali ya halmashauri hulipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, au kwa mashine inayotoa risiti hapo hapo. Kisichokuwa na kimojawapo ni makubaliano yenu wawili. Vivyo hivyo ile asilimia kumi ambayo baadhi ya ofisi hudai mnapouziana kiwanja: haina sheria inayoitaja, hata kama imezoeleka.

Kiwanja, msingi na choo

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 zinapimwa kutoka ukingoni, wala si kutoka pale maji yalipo siku ya kiangazi, na hapo ndipo wanaouziwa hukosea: mto ukiwa mwembamba, kamba inaonekana imetosha. Chukua muuzaji, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na jina la mtaa pamoja na namba ya kiwanja, uliza kama eneo limepimwa na mchoro wa mipango miji unasema ni nini. Kuna viwanja vinavyouzwa kama makazi wakati mchoro unasema ni eneo la wazi au njia ya maji. Kikiwa na hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati kabla ya kutoa hata arubuni. Kwa mashamba bondeni ongeza swali moja: liko ndani au nje ya mpaka wa hifadhi? Sehemu ya lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero ilipandishwa kuwa pori la akiba mwaka 2023, na anayeuza ekari mle ndani anauza asichokuwa nacho.

Kibali cha ujenzi kinaombwa halmashauri kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ukiwa na uthibitisho wa umiliki na michoro. Usimwage msingi ukisubiri. Alama ya X nyekundu ukutani, ile ya kubomolewa, inatoka haraka kuliko kibali.

Msingi upandishe juu ya ule mstari wa tope kwa angalau kozi mbili za tofali. Tofali mbichi za udongo ni nafuu na nyumba nyingi zimejengwa nazo, ila maji yakikaa siku tatu ukuta unalainika kutoka chini na kulala wenyewe. Kama fedha ni ndogo, tumia tofali za kuchoma au za saruji kwenye kozi za chini tu, juu endelea na udongo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi, msingi mwembamba utapasuka nao. Chimba hadi uupite au ukate kabisa wazo la kujenga hapo.

Choo ndicho kinachosahauliwa. Maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo shimo refu la kawaida hujaa kutoka chini masika na kumwaga kilichomo uani. Shimo liwe fupi, lijengewe kwa tofali pande zote, na sakafu ya choo ipandishwe kwa ngazi tatu au nne. Liwe mbali na kisima, mita 30 ndiyo kipimo kinachopendekezwa, na liwe upande wa chini wa mteremko. Kwenye viwanja vidogo mita 30 hazipatikani. Basi achana na kisima uvute maji ya bomba. Yakiwa yamefurika, chemsha au tia vidonge vya klorini maji yote, hata ya bomba, maana bomba lililopasuka chini ya tope halionekani.

Mtaro ukiziba, malalamiko ya barabara za mitaa yanakwenda TARURA, na ya barabara kuu TANROADS. Mtendaji atapokea taarifa yako, lakini trekta si lake. Andika barua, pitishia mtaani ili igongwe muhuri, peleka nakala kwa diwani. Peleka mwezi wa kumi. Barua ya Aprili hujibiwa na mto.

Biashara na mpunga

Leseni ya duka nayo inaombwa TAUSI, ukiwa na TIN. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuanza na kitambulisho cha mjasiriamali kwanza. Umeme ukinunua kwa LUKU utaona makato ya kodi ya jengo. Nyumba ya kawaida ni sh. 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, wakati anayenunua umeme ni mpangaji, basi elewaneni mapema irudishwe kwenye kodi ya pango.

Kwa mpunga, jua kwamba tangu mabadiliko ya 2017 mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine haupaswi kutozwa ushuru wa mazao. Magunia kumi ya kilo mia ndiyo tani. Ukizidisha, lipa na utunze risiti, kwani geti linalofuata litaiuliza. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, usikubali, hata rafiki akikufungia. Kipimo ni mizani.

Samaki wa Kilombero ni watamu, kambale na kitoga hasa, ila kuvua kwa biashara kunahitaji leseni kutoka kwa afisa uvuvi. Kokoro na chandarua cha mbu vitakupeleka pabaya. Na usioge mtoni wala kuchota maji gizani hata ukiona watoto wa pale wanafanya hivyo. Mamba na viboko wapo kweli. Mnyama akidhuru mtu, taarifa iende kwa mtendaji na afisa wanyamapori siku hiyo hiyo, kwa maandishi, maana kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa waliodhuriwa, hakilipwi kwa maneno.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi. Fungua duka baada ya saa nne asubuhi. Mkutano wa wakazi wa mtaa hudharaulika, na wageni wengi hawaendi. Huko ndiko mapato na matumizi husomwa, na michango hupitishwa kwa walionyoosha mikono. Uliza muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwanza. Vilevile uliza nani yuko kwenye kamati ya maafa na watu hukimbilia wapi maji yakija, jengo gani na njia ipi, kisha andika namba zao kwenye karatasi, kwa sababu umeme ukikatika siku mbili simu itakuwa imezima.